Sumu ya Koni na Mwamba Anamoishi

Mnyama ninayemzungumzia leo hana haraka. Conus geographus ni konokono wa baharini mwenye ganda jembamba la rangi ya maziwa lenye mabaka ya kahawia, refu kiasi cha sentimita 10 hadi 15. Anaishi kwenye miamba ya matumbawe kuanzia mwambao wetu wa Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Mchana hujifukia mchangani au chini ya mawe, na usiku hutoka kuwinda samaki. Tumwite koni, yeye na jamaa zake wote wa jenasi ya Conus. Siku hizi koni anasifiwa sana, kwa sababu sumu yake imetoa dawa na inatarajiwa kutoa nyingine. Sifa hizo ni za kweli, lakini zimekaa upande. Zinamfanya mnyama aonekane kama chupa: ukishamimina kilichomo, chupa yenyewe unaweza kuitupa. Mimi nadai kwamba karibu kila jambo kubwa tulilolijua kuhusu sumu hiyo tulilijua kwa kumtazama koni aliye hai akifanya shughuli zake mwenyewe, akila au akijihami, na kwamba kemikali zake zikitengwa na mwenendo wake hubaki mafumbo. Kama dai hilo lina ukweli, basi kuuhifadhi mwamba anamoishi ni sehemu ya utafiti wenyewe, wala si hisani tunayomfanyia mnyama baada ya utafiti kwisha.

Nianze na historia, maana inashangaza. Georg Eberhard Rumphius, Mjerumani aliyeitumikia kampuni ya biashara ya Waholanzi huko Ambon, aliandika kuhusu mwanamke mtumwa wa visiwa vya Banda aliyefariki baada ya kuokota koni mmoja wakati wa kuvuta wavu. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1705, naye akiwa ameshakufa. Kwa hiyo wasomi wa Ulaya walijua tangu zamani kwamba koni anaweza kumuua mtu. Lakini kwamba baadhi ya koni hula samaki ni jambo lililothibitishwa wazi mwaka 1956 tu, katika makala ya Alan Kohn, aliyekuwa akiwachunguza koni wa Hawaii. Hesabu miaka hiyo: karibu karne yote ya 18, karne nzima ya 19 na nusu ya karne ya 20 zilipita huku maganda ya koni maelfu kwa maelfu yakipangwa kwenye makabati ya wakusanyaji, yakisuguliwa mafuta, yakipewa majina ya Kilatini na kuuzwa kwa mnada. Conus gloriamaris peke yake alipiganiwa na matajiri kwa bei za ajabu, hadi wazamiaji walipompata kwa wingi Guadalcanal mwishoni mwa miaka ya 1960 na bei ikaporomoka. Ganda lilijulikana kwa kila mstari wake, ilhali mnyama aliyelijenga hakujulikana hata chakula chake.

Sasa tunajua zaidi. Spishi za koni zinazidi 800, na wote wana sumu. Walio wengi hula minyoo ya baharini. Wengine, kama Conus textile ambaye naye yupo kwenye miamba yetu, hula konokono wenzao. Wachache ndio wanaokula samaki. Silaha yao ni moja kwa umbo: jino lililogeuka kuwa mrija mdogo wenye ncha na vikwaruzo, chusa kabisa, ambalo koni hulichukua kutoka kwenye akiba yake, hulishika kwenye ncha ya pua ndefu inayonyumbulika, na kulichomeka kwa ghafla. Sumu hutoka kwenye mrija mrefu uliojikunja mwilini na husukumwa na kifuko chenye misuli. Jino likishatumika halirudi kazini, hutolewa jingine. Nitaje hapa jambo la usalama, hasa kwa wale wanaokwenda kuchokoa pweza wakati wa bamvua: pua hiyo inaweza kufika sehemu kubwa ya ganda, kwa hiyo hakuna upande wa kumshika koni kwa uhakika, na kumtia mfukoni ni kosa baya zaidi. Dawa ya kuizima sumu yake haipo. Anayechomwa na Conus geographus huokolewa kwa kusaidiwa kupumua mpaka sumu ipungue nguvu mwilini.

Vifo vya binadamu vilivyoandikwa tangu enzi za Rumphius ni zaidi ya 30, na vingi kati ya vile ambavyo spishi ilitambuliwa vinahusishwa na koni huyu mmoja. Hapo ndipo linapozuka swali zuri. Mtu si windo la koni. Kwa nini basi konokono anayekula samaki wadogo abebe kitu cha kumlaza mtu mzima? Jibu lilipatikana mwaka 2014, Sébastien Dutertre na wenzake walipofanya jambo ambalo halikuwa limefanywa kwa uangalifu kabla yao. Walichukua sumu kutoka kwa koni hai kwa njia mbili. Mara moja walimshawishi kwa samaki, mara nyingine walimchokoza kama adui angemchokoza. Sumu mbili zilizotoka hazikufanana. Ile ya kujihami ilijaa kemikali za kupoozesha misuli, ile ya kuwindia haikuwa hivyo, na zilitengenezwa katika sehemu tofauti za mrija uleule. Watafiti hao wakatoa hoja kwamba sumu kali ya kujihami huenda ilitangulia, miongoni mwa mababu waliokula minyoo, kisha ikawafungulia baadhi ya vizazi njia ya kuwinda samaki. Ukikata mrija wa koni aliyekufa, ukausaga na kuupima, unapata mchanganyiko wa sumu zote mbili bila kujua ipi ni ya nini. Hakuna chombo cha maabara, hata kiwe cha bei gani, kinachoweza kuuliza mchanganyiko huo ulikusudiwa nani.

Mfano wa pili ndio unaonivutia zaidi. Conus geographus hawindi kama koni wengi wanaokula samaki, ambao humchoma samaki kwanza kisha humvuta. Yeye hutanua mdomo wake wa bandia mithili ya wavu mpana na kuwafunika samaki wadogo, mara nyingine kadhaa kwa pamoja, ndipo humchoma mmoja mmoja wakiwa ndani. Waliomtazama waliona kwamba samaki hao hawahangaiki. Wanaingia wakiwa wamezubaa kana kwamba wamelewa. Mzubao huo unatoka wapi, kama bado hawajachomwa? Mwaka 2015 Helena Safavi-Hemami, akifanya kazi na Baldomero Olivera na wengine, alitoa jibu lisilotarajiwa: katika sumu ya koni huyu mna insulini. Haikuwa insulini ambayo konokono yeyote huitumia kurekebisha sukari ya mwili wake mwenyewe. Ilikuwa insulini inayofanana na ya samaki, nyingi mno, na inayoweza kuwashusha samaki sukari ya damu mpaka wakose nguvu ya kuogelea. Watafiti wanaamini humwagwa majini na kupita kwenye mashavu ya samaki. Mpaka leo sijasikia kisa cha mnyama mwingine anayetumia insulini kama silaha, isipokuwa ndugu wa karibu wa koni huyu.

Ugunduzi huo haukuishia baharini. Insulini ya binadamu ina asidi amino 51, na molekuli zake hukusanyika sita sita, kwa hiyo baada ya mgonjwa wa kisukari kudungwa sindano lazima makundi hayo yavunjike kwanza ndipo kazi ianze. Insulini ya koni ina asidi amino 43, haina kile kipande kinachozifanya molekuli zishikamane, na bado inaweza kufungua kipokezi cha insulini cha binadamu. Wanakemia walikuwa wanajua kwamba ukikikata kipande hicho kwenye insulini yetu, karibu nguvu yake yote inapotea. Koni alikuwa ameshalipatia ufumbuzi tatizo hilo. Kwa kufuata alichofanya, watafiti walitangaza mwaka 2020 kwamba wameunda insulini fupi ya binadamu yenye nguvu kamili isiyokusanyika makundi. Kisha mwaka 2024 ikaripotiwa kwamba koni huyohuyo ana kemikali nyingine, inayofanana na homoni ya somatostatini, inayoweza kuzuia mwili usipandishe tena sukari iliyoshuka. Yaani insulini inasukuma chini, na mwenzake anashikilia hukohuko. Asingekuwapo mtu aliyejiuliza kwa nini samaki walitulia ndani ya mdomo ule, nani angeitafuta insulini ndani ya sumu?

Hapa mtu makini atanipinga. Atasema: dawa pekee iliyokwishafika hospitalini kutokana na koni haikugunduliwa kwa kumtazama koni, iligunduliwa kwa panya. Ni pingamizi la haki, na sehemu yake nalikubali. Olivera alirudi kwao Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1960 akitoka kutafiti vinasaba Marekani, akakuta maabara haina vifaa vya kazi aliyoizoea. Yeye na mwenzake Lourdes Cruz wakachagua sumu ya koni kwa sababu koni walipatikana kwa urahisi na sumu yao ilijulikana kuwa inaua. Baadaye, Olivera akiwa Chuo Kikuu cha Utah, mwanafunzi mmoja, Craig Clark, alipendekeza kila kipande cha sumu kidungwe moja kwa moja kwenye ubongo wa panya badala ya tumboni. Matokeo yalikuwa kioja. Kipande kimoja kiliwatetemesha panya. Kingine kiliwalaza panya wachanga, lakini panya wakubwa kiliwafanya wahangaike bila kutulia. Michael McIntosh, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari, akatenga kutoka kwa Conus magus, koni mla samaki, peptidi (mnyororo mfupi) yenye asidi amino 25. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa zikonotaidi, ikaidhinishwa Marekani Desemba 2004 kwa watu wenye maumivu makali yasiyosikia mofini.

Nakubali basi kwamba panya walifanya kazi yao. Lakini tazama panya hawakuweza kueleza nini. Peptidi ile hufunga aina moja ya milango ya kalsiamu kwenye ncha za neva. Kwa samaki, milango ya aina hiyo ndiyo inayopitisha amri kutoka neva kwenda kwenye msuli, kwa hiyo ikifungwa samaki anapooza, na hilo ndilo koni analolitaka. Kwetu sisi amri za misuli hupita kwenye milango ya aina nyingine, ilhali ile inayofungwa na sumu ipo, pamoja na kwingine, kwenye uti wa mgongo, mahali ambapo habari za maumivu hupokezwa kwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana kitu kinachompooza samaki kinaweza kumtuliza mgonjwa bila kumzimisha pumzi. Uteuzi huo wa hali ya juu, wa kufunga mlango mmoja na kuuacha wa jirani yake, haukubuniwa na mkemia. Ulichongwa na koni aliyelazimika kumsimamisha samaki upesi kabla hajakimbia, kizazi baada ya kizazi. Tukiacha kujua nani anamla nani, tunabaki na orodha ya peptidi maelfu kwa maelfu, na panya wachache mno wa kuzijaribia.

Pingamizi la pili ni la kisasa zaidi, na nakiri ndilo lenye nguvu. Linasema kwamba leo tunaweza kusoma jinomu ya koni kutokana na kipande kidogo cha nyama, kuiweka kwenye kompyuta, na kutengeneza peptidi yoyote maabara. Zikonotaidi yenyewe hutengenezwa kwa njia ya kemia, hakuna koni anayeuawa kwa ajili ya mgonjwa. Ya nini basi mwamba? Jibu la kwanza nimekwisha kulitoa: jeni inakwambia kitu kinaweza kutengenezwa, haikwambii kinatumiwa saa ngapi na dhidi ya nani. Jibu la pili linatoka kwa Conus imperialis, mla minyoo, ambaye naye anaishi katika Bahari ya Hindi. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba sumu yake ina molekuli ndogo zinazofanana na ishara ambazo minyoo ya baharini hutumia kuitana wakati wa kuzaana, na kwamba minyoo waliowekewa molekuli hizo walianza kufanya kama wanaojamiiana. Huenda basi koni huyu analiita windo lake kwa sauti ya mchumba. Molekuli hizo si peptidi. Hazijaandikwa herufi kwa herufi kwenye jeni kama peptidi zilivyoandikwa, na kwa miongo mingi zilipitwa tu kwa sababu kila mtu alikuwa akitafuta peptidi. Jinomu pekee isingezionyesha. Isitoshe, sumu hutofautiana kati ya spishi na spishi kiasi kwamba kuvijua vilivyomo kwa mmoja hakukwambii vilivyomo kwa jirani yake, na hata koni wawili wa spishi moja huenda wasitoe mchanganyiko uleule.

Lipo pingamizi la tatu, la watu wa hesabu: katika zaidi ya miaka 20 tangu 2004, koni wote hao wametupa dawa moja, nayo ni ya taabu. Ni kweli. Zikonotaidi haileti uraibu wala mwili hauizoei kama mofini, lakini lazima ipelekwe kwa pampu kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, na inaweza kumletea mgonjwa kuchanganyikiwa na maono yasiyokuwapo. Si dawa ya zahanati ya kijijini. Kwa sababu hiyohiyo sipendi hotuba zinazomtetea koni kwa ahadi za dawa zijazo. Ahadi ikichelewa, mnyama hupoteza mtetezi. Faida iliyo kubwa zaidi ni vifaa vya kazi: peptidi za koni zimetumika kwa miaka mingi na wanafiziolojia kote duniani kuzitenganisha aina za milango ya neva ambazo hapo awali zilikuwa haziwezi kupambanuliwa. Mambo mengi tunayofundisha leo kuhusu jinsi neva moja inavyozungumza na nyingine yalipimwa kwa sumu ya Conus geographus. Hilo haliuzwi duka la dawa, lakini lipo.

Nije kwenye pingamizi ambalo wauzaji wa makombe hulitoa mara kwa mara, kwamba koni hawajapungua. Kuhusu spishi zilizoenea sana wana haki. Tathmini ya kwanza ya jenasi nzima, iliyochapishwa mwaka 2013, iliangalia spishi 632 ikakuta 67, yaani asilimia 10.6, ziko hatarini au karibu na hatari. Nyingi ya hizo ziko mashariki ya Atlantiki, hasa visiwa vya Cape Verde, ambako maji hayawapeperushi mbali watoto wa koni na spishi nzima inaweza kukaa kwenye ghuba moja. Conus geographus na Conus textile hawamo kwenye hatari hiyo. Sitawatisha kwa kutoweka kusikokaribia. Lakini hoja yangu haikuhusu idadi peke yake. Koni anayeweza kutufundisha ni yule aliye mahali penye windo lake, adui zake, mchanga wake na mawe yake. Mwaka 1998 joto la maji liliua sehemu kubwa ya matumbawe kutoka Kenya na Tanzania hadi Shelisheli. Baruti za wavuvi haramu zilivunja miamba ya Tanzania kwa miongo kadhaa. Juu ya mwamba uliogeuka kifusi konokono anaweza kubaki hai, na bado tabia zake zikawa hazisomeki tena, kwa kuwa samaki waliolala usiku kwenye matawi ya matumbawe hawapo. Kulichukua ganda lake ni hasara ndogo ukilinganisha na hiyo, ingawa sioni sababu ya kuichekea: ndani ya hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, kuokota makombe kumekatazwa, na nje yake vibanda vya barabarani vinaendelea kuwauzia watalii.

Linabaki swali la nani anufaike, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Conus magus wa Ufilipino alizaa dawa iliyomilikiwa kwa hati miliki mbali sana na wavuvi waliomvua. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Kenya na Tanzania zimejiunga nayo, inazipa nchi haki ya kudai mgawo wa faida kutokana na viumbe wake. Haki hiyo ina udhaifu mmoja: jinomu ikishawekwa kwenye hifadhidata ya wazi, ni vigumu kumfuatilia anayeitumia. Anayekuja kutoa kipande cha nyama na kuondoka anatuachia kidogo sana. Anayelazimika kukaa hapa miezi mingi akimtazama koni kwenye mwamba hawezi kufanya kazi hiyo bila wenyeji, bila Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar au watafiti wa Mombasa, na bila wale wanaoujua mwamba usiku. Ikiwa maarifa yamo katika mwenendo, basi mwenye mwamba ana cha kujadiliana nacho, na vibali vya utafiti viandikwe hivyo: sampuli isitoke bila kumbukumbu za mahali, saa na windo, zilizochukuliwa pamoja na mtafiti wa hapa na kubaki hapa.

Pa kuanzia papo tayari. Huko Pemba, jamii kama ile ya Kisiwa Panza zimekuwa zikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha kuifungua kwa siku maalumu ambapo kila pweza hupimwa uzito na kuandikwa. Kinamama na vijana wanaofanya kazi hiyo wanapita juu ya koni kila mara, na wanajua jiwe gani lina yupi. Kuongeza safu moja kwenye daftari lao, kwa koni aliyeonekana bila kuguswa, kina cha maji na alichokuwa akikila, hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kunahitaji posho ya haki kwa anayeandika, na mtaalamu aliye tayari kulisoma daftari hilo kabla hajaomba sampuli yake ya kwanza.